Barua ya Kuomba Bunduki

Wakati wa mvua uliopita, wezi waliingia katika mtaa wetu usiku, kama saa nane. Mama wa nyumba ya tatu alianza kupiga sufuria, wengine wakamfuata, kama tunavyofanya siku zote, mpaka mtaa mzima ukawa unalia kama karakana ya mabati. Watu wa doria wakafika. Kisha tukasikia risasi, si moja. Asubuhi wezi walikuwa wameenda na televisheni mbili na mashine ya kushona, na jirani yetu, mama anayeuza mikate kwenye kona, alikuwa hospitali na tundu kwenye paja. Alipigwa akiwa amelala kitandani kwake. Risasi ilipita kwenye mlango wa mbao. Mpaka leo hakuna anayejua ilitoka kwenye bunduki ya nani: ya wezi, au ya wale waliokuja kutuokoa.

Siku ya Mungu iliyofuata, wanaume wa mtaa walikaa chini ya mwembe. Waliamua kuchanga pesa, kununua bunduki moja ya kuwindia, na kuomba ruhusa ya kuiweka kwa mmoja wao. Baba mudogo akanigeukia: "Weye njo unasoma maneno ya luga. Utuandikie barua ya leta." Wote wakaitikia. Kijana mmoja aliongeza kwamba Amerika kila mtu ana haki ya bunduki, ndiyo maana kule mwizi anaogopa kuvuka uzio.

Nilipewa juma moja. Ninayoandika hapa ni yale niliyoyafikiri katika juma hilo, na ninayaleta mbele ya walimu wangu na wanafunzi wenzangu kwa sababu naamini kitivo cha lugha kina la kusema katika jambo hili. Nasema mapema msimamo wangu: haki tunayopaswa kuidai si ya kila raia kuwa na bunduki. Ni haki ya kujua kwamba yule anayeishika kwa jina letu anajua kuitumia, na anajua kusema nasi kabla ya kuitumia.

Kwanza nisiwacheke wazee wa mwembe. Ombi lao halikutoka kwenye kiburi. Mtu aliyelala macho wazi miezi mitatu ana haki ya kuuliza nani anamlinda. Tena wao walitaka kufuata sheria. Kwetu sheria ya silaha ni ile ya tarehe 3/9/1985, na chini yake mtu wa kawaida hawezi kuwa na bunduki bila kibali. Silaha ya kivita ni jambo jingine kabisa. Tangu sheria ya adhabu za kijeshi ya tarehe 18/11/2002, raia anayekamatwa na kalache bila haki anaweza kufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Wengi wetu tunajua hilo, lakini tulitazame kwa jicho la lugha: mara anapoishika silaha ile, sheria yenyewe inaanza kumtendea kama askari. Ndivyo maneno mawili, raia na askari, yanavyogawana dunia yetu. Anayeshika bunduki anatoka upande mmoja na kuingia mwingine.

Sasa hoja ya yule kijana kuhusu Marekani, maana naisikia hata hapa kwenye bustani ya kitivo. Ni kweli kwamba katiba ya Marekani ina kifungu kinachotaja haki ya watu kuwa na silaha na kuzibeba. Kilipitishwa mwaka 1791, na kwa Kiingereza kina maneno 27 tu. Lakini kifungu hicho kinaanza kwa kutaja kikosi cha wananchi kilichopangwa vizuri, kinachohitajika kwa usalama wa nchi huru. Kwa muda mrefu Wamarekani wamebishana: haki hiyo ni ya mtu mmoja mmoja, au ni ya watu wakiwa ndani ya kikosi?

Mwaka 2008 ubishi huo ulifika mbele ya Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika kesi ya District of Columbia dhidi ya Heller. Jambo ambalo vijana wa mwembe hawakulijua, na ambalo mwanafunzi wa isimu anapaswa kulijua, ni kwamba wataalamu watatu wa lugha, Dennis Baron, Richard Bailey na Jeffrey Kaplan, waliiandikia mahakama hiyo. Walieleza kwamba katika Kiingereza cha karne ya 18 maneno yale ya kubeba silaha yalitumika zaidi kwa mambo ya kijeshi, si kwa mtu anayekwenda kuwinda au kulinda nyumba yake. Mahakama haikuwafuata. Kwa kura 5 dhidi ya 4 iliamua kwamba mtu mmoja mmoja ana haki ya kuwa na silaha nyumbani kwa kujilinda, ingawa ilisema pia kwamba haki hiyo ina mipaka. Mwaka 2022 mahakama hiyohiyo iliipanua haki hiyo mpaka nje ya nyumba.

Sitoi hukumu juu ya Wamarekani. Historia yao ni yao. Ninachotaka ni mwenzangu ajaribu kukitafsiri kifungu kile katika Kiswahili chetu cha Kongo, kisha akisome kwa sauti mbele ya mama muuza mikate. Kile kikosi cha wananchi utakiita nini? Neno linalokuja kwanza mdomoni ni lilelile tunalolisikia redioni kila jioni, habari za Kivu au Ituri zikisomwa. Na kubeba silaha? Mtu anaweza kubeba silaha kama anavyobeba mzigo. Lakini tukisema fulani ameshika silaha, hatusemi kwamba ana bunduki kabatini. Tunasema ameingia porini, ameasi. Tafsiri ikimalizika, haki ya Mmarekani imekuwa hatari ya Mkongomani. Kosa si la mfasiri. Maneno yetu yamebeba mambo tuliyoyaona.

Mfano mzito kuliko yote ni jina la Raia Mutomboki. Mwaka 2005, huko Shabunda katika Kivu Kusini, watu wa vijiji waliokuwa wakiuawa na FDLR waliamua kujilinda. Jeshi la serikali halikuwa karibu nao. Wakajiita raia waliotomboka, yaani raia waliokasirika mpaka wakainuka. Jina hilo linagongana lenyewe kwa lenyewe: raia ni yule asiye na silaha, na aliyetomboka tayari ameishika. Nani angewalaumu siku ile ya kwanza? Mimi singeweza. Lakini tunajua kilichofuata. Kundi likawa makundi mengi, kila moja na mkubwa wake. Vizuizi vikasimamishwa barabarani, na wakulima wakalipishwa ili wapite kwenda shambani kwao. Tangu vita vya M23 viliporudi mwishoni mwa 2021, tumesikia neno jingine zuri, Wazalendo, likianza safari inayofanana. Bunduki iliyonunuliwa kwa ajili ya kulinda haina kumbukumbu ya sababu iliyonunuliwa. Mwenyewe akifa, akiuza, akilewa, akigombana na shemeji, inabaki bunduki.

Waliotuandikia katiba ya tarehe 18/2/2006 walijua hayo. Kifungu cha 190 kinakataza mtu yeyote kuunda vikosi vya kijeshi au vya binafsi, au kutunza vijana wenye silaha, na kosa hilo kinaliita uhaini mkubwa. Kifungu cha 182 kinaipa Polisi ya Taifa kazi ya usalama wa watu na mali zao. Ukivisoma pamoja, vifungu hivi viwili ni mapatano: raia aweke silaha chini, na serikali imlinde. Upande wetu wa mapatano tunaambiwa kila siku. Upande wa pili, je, tunauuliza?

Hapa ndipo umahiri wa polisi unapoingia. Watu wengi wanadhani bunduki inajua kazi yake yenyewe. Hapana. Kalache ilitengenezwa kwa ajili ya vita. Risasi yake inatoka kwenye mtutu kwa mwendo wa mita 700 na zaidi kwa sekunde, na inaendelea kuwa hatari mbali sana na pale mpigaji anapoweza kuona, sembuse usiku. Kidude chake cha usalama pembeni kina nafasi tatu. Ukikishusha kutoka juu, nafasi ya kwanza unayokutana nayo ni ya kumimina risasi mfululizo. Ile ya risasi moja moja iko chini kabisa. Mtu aliyefundishwa vizuri anajua hilo kwa kidole chake, hata gizani. Mtu mwenye hofu, aliyeamshwa na sufuria saa nane za usiku, anasimamisha kidole pale kinapogonga kwanza. Katika mitaa yetu nyumba zimekaribiana hata unasikia jirani akikohoa. Risasi inayomkosa mwizi haipotei. Inatafuta mlango.

Na tusidhani kwamba mafunzo kidogo yanatosha. Mwaka 2008 taasisi ya RAND ilichapisha uchunguzi kuhusu polisi wa New York, wenye silaha nzuri, viwanja vya mazoezi na walimu. Katika mapambano ya miaka 1998 hadi 2006, pale adui alipokuwa akiwajibu kwa risasi, ni asilimia 18 tu ya risasi zao zilizompata mlengwa. Hata pale ambapo hakuwajibu, zilikuwa asilimia 30. Kama aliyefanya mazoezi anakosa hivyo, askari ambaye miezi inapita bila kupewa risasi ya mazoezi atakosa mara ngapi? Na baba mudogo, fundi wa baiskeli mwenye miaka 58 na miwani iliyofungwa uzi? Nampenda sana baba mudogo. Sitaki kulala nyumba ya pili kutoka kwake siku anayopiga risasi gizani.

Lakini umahiri hauanzii kwenye jicho wala kwenye kidole. Unaanzia mdomoni. Mwaka 1990, huko Havana, mkutano wa Umoja wa Mataifa ulikubali kanuni za msingi juu ya matumizi ya nguvu na silaha za moto kwa watumishi wa sheria. Kanuni ya 9 inaruhusu silaha itumike dhidi ya watu pale tu ambapo kuna hatari ya kifo au jeraha kubwa, na njia nyepesi hazitoshi. Kanuni ya 10 inamtaka askari ajitambulishe na atoe onyo lililo wazi, ampe mtu nafasi ya kulitii, isipokuwa kama kufanya hivyo kutaleta hatari zaidi. Onyo lililo wazi ni tendo la lugha. Na onyo liko wazi kwa nani? Kwa anayelisikia. Hatuhitaji kwenda kwa mabingwa wa pragmatiki kulijua hilo.

Turudi basi katika jiji letu. Tangu Force Publique ya wakoloni, lugha ya amri katika vikosi vyetu imekuwa Lingala. Siichukii Lingala. Ni lugha ya taifa kama Kiswahili, Kikongo na Ciluba, na ina utamu wake. Vijana wengi wa Lubumbashi wanaielewa kupitia muziki. Lakini mfikirie bibi aliyetoka Moba au Pweto kuja kutazama wajukuu. Anatoka nje usiku kwenda chooni. Mwanga wa tochi unampiga usoni na sauti inasema: "Telema!" Askari amemwambia asimame palepale. Masikioni mwa bibi neno hilo liko karibu sana na telemuka, yaani shuka. Yuko kwenye ngazi ya baraza. Anashuka, anakwenda mbele, kuelekea tochi. Askari anaona kivuli kilichokataa amri na kinachomjia. Kila mmoja amefanya sawasawa kama alivyosikia.

Mfano huu nimeutunga mimi, nikiwa nimekaa juu ya daftari langu la fonolojia. Naomba mwalimu yeyote aniambie kwamba hauwezekani. Kama hawezi, basi tumekubaliana kwamba kutojua lugha ya mtaa ni upungufu wa umahiri wa silaha, sawa na kutojua kidude cha usalama. Na pale maneno yanaposhindwa, askari anatumia lugha ambayo anadhani wote wanaielewa: anapiga hewani. Tumezoea kuiita risasi ya kuonya. Lakini kilichopanda kitashuka, na mabati yetu ni membamba.

Nasikia mwenzangu akinijibu kwamba naongea kama mtu aliye salama. Polisi mwenyewe analipwa kidogo na kwa kuchelewa; utamfundishaje Kiswahili na shabaha wakati hana hata tochi? Jibu langu ni kwamba hoja hiyo inaniunga mkono. Pesa zile tungechangia bunduki moja, na mtaa wa pili wachangie yao, na wa tatu yao, mwisho wake ni mitaa mitatu yenye hofu na bunduki tatu, na polisi ni yuleyule hana tochi. Tumemwachia mzigo wake na tumemwongezea watu wenye silaha ambao usiku hawezi kuwatofautisha na wezi.

Mwingine, huyu ni mwalimu wangu mmoja, alinipa pingamizi la kiisimu. Alisema neno raia linatoka Kiarabu, na kule asili yake ni kundi linalochungwa. Watu walio chini ya mtawala kama kondoo chini ya mchungaji. Je, alisema, unatutaka tubaki kondoo? Nililala na swali hilo. Nadhani jibu ni hili: kondoo hawaandiki barua. Wazo la mchungaji lina pande mbili, kwamba anayechungwa anatii, na kwamba anayechunga anaulizwa hesabu. Historia yetu imetupa upande wa kwanza tu. Wakati wa Léopold II risasi zilihesabiwa kweli, lakini askari alitoa hesabu yake kwa mikono iliyokatwa, na aliyekuwa akihesabiwa hasara ni mzungu mwenye risasi. Sisi leo tudai hesabu hiyo igeuzwe: kila risasi inayopigwa mtaani ielezwe kwa watu wa mtaa, nani ameipiga, kwa nini, na imeishia wapi. Raia anayeuliza hivyo si kondoo, na hajashika silaha.

Basi, barua niliiandika. Haikuwa ile niliyoombwa. Niliiandika kwa Kiswahili upande mmoja na Kifaransa upande wa pili, kwa sababu kifungu cha kwanza cha katiba kinasema serikali itakuza lugha za taifa bila ubaguzi, na mimi nilitaka kuanza kuamini hivyo. Iliomba mambo matatu. La kwanza, doria ya mtaa wetu iwe na angalau mtu mmoja anayesema Kiswahili, na maneno ya onyo yafundishwe kwa Kiswahili: simama, usisogee, weka mikono juu, sisi ni polisi. La pili, tuelezwe askari wanaotumwa kwetu usiku walifanya mazoezi ya kulenga lini kwa mara ya mwisho. La tatu, ile risasi ya mama muuza mikate itafutiwe mwenyewe.

Niliisoma chini ya mwembe jioni ya Jumamosi. Kimya. Yule kijana wa Amerika alisema nimeandika kama kasisi. Mzee mmoja aliuliza kama barua inazuia wezi. Nilimjibu kwamba haizuii, na kwamba bunduki ya baba mudogo nayo haingezuia ile risasi iliyopita mlangoni. Mama muuza mikate alikuwa ameletwa kwenye kiti, mguu umenyooshwa juu ya ndoo. Yeye ndiye aliyeomba kalamu. Aliuliza aweke jina wapi, upande wa Kiswahili au wa Kifaransa. Nilimwonyesha Kiswahili. Baba mudogo alichukua muda, akafuta miwani, akaweka sahihi yake chini ya ile ya mama, kisha akaniambia: "Lakini bakikosa kujibu, utaandika ile ya kwanza."

Majuma sita yamepita na jibu halijafika. Baba mudogo hajaniuliza bado, ila kila nikipita karibu na mwembe ananitazama. Ninaogopa swali lake kuliko mtihani wowote wa kitivo hiki. Hii ndiyo sababu nimeyaleta haya kwenu. Tuna hapa watu wanaojua Kiswahili, Lingala, Ciluba na Kibemba, wanaojua jinsi amri inavyosikika na jinsi inavyopotoka. Maneno kumi ya onyo katika lugha za jiji hili, yaliyojaribiwa kwa masikio ya wakaaji wenyewe, ni kazi ya semina moja. Tukiimaliza, tutaipeleka kwa wakubwa wa polisi sisi wenyewe, na mimi nitakuwa na kitu cha kumwonyesha baba mudogo kabla hajaomba kalamu mara ya pili.